Viganja Ukutani

Kila nikisikia harufu ya udongo uliokandwa na samadi mbichi, vidole vyangu hujikunja vyenyewe.

Kwetu kila mwanamke alisiriba tembe lake, nyumba ya udongo ya paa bapa, kwa mikono, akaacha alama zake ukutani. Za mama zilikuwa mistari mitatu iliyopinda kama pembe za ng'ombe. Askari wa Mjerumani walimchukua akabebe mizigo ya safari yao, na hakurudi. Tukabaki na mistari ile.

Mawingu ya mvua za kwanza yalipotanda, bibi alinikandia udongo. "Siriba, mjukuu wangu. Ukuta umepasuka."

Nilisiriba huku nalia, kisha nikaanza kuchora pembe zilezile. Bibi akanishika mkono.

"Hiyo ni ya mama yako. Ya kwako iko wapi?"

"Sina, bibi."

"Basi weka kiganja."

Nikapiga viganja ukuta mzima, vidogo, vingine vimekwenda upande. Ndivyo ninavyosiriba hadi leo.

Ila kona ya nyuma, asikofika bibi, niliiacha na mistari ya mama, sikuipaka udongo mpya. Mvua ilipokuja, tembe lilianza kubomokea hapo.