Neno Linaloburuta Mkia

Baba alipopata kiharusi, nilihamishia cherehani yangu sebuleni ili nimwone akiwa kitini. Alikuwa dereva wa treni, masinisti kama tunavyosema hapa Kamina, na kwa miaka mingi alipeleka mizigo Bukama na kurudi. Kiharusi kilimkuta asubuhi akifunga kamba za viatu. Upande wa kulia ukalegea wote. Maneno yalirudi polepole, mguu haukurudi. Muuguzi alisema lazima atembee kila siku. Baba akamjibu kwamba maishani amekwenda mbali vya kutosha, tena akiwa amekaa.

Miezi ile naikumbuka kama alasiri moja ndefu. Mvua zilikuwa zimekwisha, na vumbi jekundu lilipenya kwenye pazia likaelea ndani ya mwanga, halikutua wala halikutoka. Baba alisinzia, mimi nilishona. Mara mojamoja treni ya mizigo ilipita kule mbali, taratibu sana, na mlio wake ukachanganyika na mlio wa cherehani hata nisijue mguu wangu unaendesha kipi. Baba alifumbua jicho moja.

"Iko na mabehewa mingi ile," alisema. "Inapanda muzito."

Kisha akalifumba tena, nami nikaendelea kushona.

Ndipo akaja binti mmoja kutoka Base, kambi ya jeshi nje ya mji, mtoto wa askari, juu ya pikipiki. Satini yake nyeupe ilikuwa ndani ya mifuko mitatu ya plastiki, kwa ajili ya vumbi. Alikuwa anaolewa. Binamu yake anayeishi Zambia alikuwa amemtumia picha ya gauni kwenye simu, na chini ya picha palikuwa na vipimo kwa Kiingereza. Kiingereza sikukijua, lakini kifua ni kifua na kiuno ni kiuno, nikavifuata kwenye mchoro kimoja kimoja. Mstari wa mwisho ulisema: train, 2 m.

Sisi tumesoma kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa pia train ni treni. Ile m nikaisoma kuwa miezi.

"Mutoto, kuko kintu yenye itakuya na train?" nilimwuliza. "Kisha miezi mbili?"

Akaitazama simu yake kwa hofu. "Siyui, mama. Pengine dentelle, ile lasi ya pembeni. Lakini ndoa yetu iko mwezi wenye kuya!"

Tukamgeukia baba kwa pamoja.

"Toka Zambia? Miezi mbili?" alisema bila kufumbua macho. "Banamudanganya. Ile train haitafika."

Binti aliondoka karibu kulia. Mimi nilikaa na satini ile magotini siku kadhaa, naogopa kuikata. Alasiri moja usingizi ulinichukua hapo hapo, nikaota niko gare, pale stesheni. Treni inaingia, lakini mabehewa yake ni kitambaa kitupu, cheupe, yanateleza bila sauti. Hakuna mtu aliyeshuka. Nilipoamka baba alikuwa ananitazama, na sikujua nimelala muda gani.

Chumba chetu cha nyuma alikuwa amekipanga mwalimu wa Kiingereza, mwanamke kijana anayefundisha sekondari. Siku hiyo aliingia kuazima pasi, nikamwonyesha ule mstari. Alicheka mpaka akaketi.

"Mama, iko mita mbili! Train njo mukia ya robe. Ile yenye inafuata bibi-harusi kwa nyuma."

"Na train ya reli?" baba akauliza.

"Ni neno moja, papa."

Macho ya baba yakafunguka, yote mawili. "Namna gani neno moja?"

Mwalimu akaweka pasi chini. Alieleza kwamba Waingereza walilichukua neno hilo kwa Wafaransa zamani sana, kwenye traîner, yaani kuburuta, kukokota. Hapo mwanzo lilikuwa na maana hata ya kujivuta, kuchelewa. Kisha likawa pindo la gauni linaloburuzwa chini, kisha watu wanaomfuata mkubwa wao njiani, kisha kitu chochote kinachofuatana kwa mstari. Mabehewa yalikuja mwisho kabisa.

Baba akacheka. Tangu augue hakuwa amecheka, na kicheko kilitoka upande mmoja tu wa mdomo.

"Kumbe kuchelewa iko mu jina yake toka zamani! Na bantu banatutukana bure kwa gare."

"Na kufundisha pia, papa, kwa Kingereza njo neno ile ile. To train. Sawa vile unavuta muti ya maracuja, ya pasheni, kwa fito, kidogo kidogo, mpaka inashika njia yenye unataka."

Baba aliutazama mguu wake wa kulia, kisha akaomba maji.

Nikakata satini siku iyo hiyo.

Binti alipokuja kujaribu gauni, nilisogeza viti nikampa nafasi ya kutembea. Alikwenda haraka, akageuka mlangoni, na mkia ukanasa kwenye mguu wa meza.

"Hapana vile!" baba akasema. "Mu kona unaenda polepole. Behewa ya mwisho haiyui kama weye umekwisha kupita."

Akajaribu tena. Satini ikateleza juu ya saruji kwa mnong'ono, ikapita mbele ya viatu vya baba. Aliifuata kwa macho kama nilivyomwona utotoni akifuata reli.

"Bado unakata kona," alisema.

"Basi ukuye unionyeshe, papa," binti akajibu, akamnyooshea mkono.

Nilikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo sikuweza kupiga kelele, na labda ilikuwa heri. Baba alishika meza. Akainuka. Binti alitangulia taratibu bila kugeuka, na baba akamfuata nyuma ya mkia, mkono mmoja ukutani, akijihadhari asiukanyage. Nguo ilisikika ikiburuta, na nyuma yake mguu wake, sauti mbili zinazofanana. Mwanga wa alasiri ulijaa chumbani. Walifika mlangoni, wakageuka kwa kona pana, wakarudi. Alipokaa, jasho lilimtiririka mpaka shingoni, na mimi ndipo nikakumbuka kutoa pini.

Baada ya hapo tulitoka kila alasiri, jua likipoa. Kwanza mpaka uani, halafu barabarani, halafu mpaka relini, ambako alisimama kupumzika na kutazama kulia na kushoto ingawa hakuna kilichokuja. "Twende train," aliniambia akitaka tutoke, na mwalimu akiwa uani alitupungia mkono.

Harusi tuliihudhuria Base. Shangazi wawili waligombania kubeba mkia wa gauni, mpaka bibi harusi akawaambia, "Muache ifuate," akaingia kanisani akiuburuta. Ulikuwa mwekundu kwa vumbi kabla hajafika katikati. Moyo uliniuma kwa ajili ya satini yangu. Baba alisimama mpaka walipofika mbele, ameshika benchi, na nilipomvuta mkono akae aliuondoa mkono wangu.

Mguu ule haujapona sawasawa, na nadhani hautapona. Lakini mwezi uliopita niliamka nikakuta kiti kitupu na mlango wazi. Nilikuwa nimeshavaa kanga kwenda kumtafuta alipotokea kwenye njia, peke yake, amekasirika.

"Uliendaka wapi, papa?"

"Kwa coiffeur. Amefunga. Banasema ameenda Bukama kununua samaki."

Nikamkata nywele mwenyewe, pale uani, kwa mkasi wangu wa vitambaa. Alilalamika mpaka unywele wa mwisho.