Kisu cha Gauni

Kifua changu kimeshakatwa mara moja, na si mimi niliyetaka. Kilikatwa kwa sababu ya gauni.

Dada yangu alikuwa anaolewa, nami nikawekwa miongoni mwa wasichana wa kumsindikiza, maana wakati huo kila mtu aliniita msichana. Magauni yakashonwa wazi kifuani. Sasa mimi nina kovu. Nikiwa mdogo, tukiishi mtaa wa Makadara, Nairobi, sufuria ya uji iliniangukia, majirani wakanipaka dawa ya meno na unga wa ngano. Si unawajua watu wetu! Nilipopona, ngozi ilivimba ikawa ngumu, kuanzia chini ya bega hadi chini ya titi la kushoto. Mama akasema hilo likionekana kwenye picha ni aibu. Akanipeleka kliniki, wakalikata. Hakuna aliyeniuliza, wala hakuna aliyesema tunaharibu kazi ya Mungu. Harusi ikafana. Kovu nalo likarudi, kubwa kuliko la kwanza.

Leo mimi ni mwanamume. Nachomelea mageti huko Komarock, naishi mtaa wa Tena, na kila asubuhi nakibana kifua kwa kitambaa kigumu ili matiti yasionekane. Jua likiwaka, kile kitambaa kinasugua kovu mpaka natamani kumtukana mtu yeyote atakayepita. Ndiyo maana nilimtafuta daktari wa upasuaji aniondoe matiti, nikampata mmoja mjini aliyekubali kunisikiliza bila kunihubiria.

Nilikuwa na maswali yangu. Nilimuuliza kama anaweza kukata kidogo tu kuizunguka chuchu, nisibaki na alama ndefu. Akatikisa kichwa. Kwangu mimi, alisema, ni mkato mrefu chini ya titi, chuchu itolewe kisha ipandikizwe upya juu. Lakini upande wa kushoto mkato utapita kwenye kovu, na ngozi ya kovu haina damu ya kutosha. Chuchu inaweza kukataa kushika. Nikamwambia asiipandikize basi, alitoe na kovu lote, mimi sitaki urembo. Akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Shida si chuchu," akasema. "Kovu kama hili likikatwa, linarudi. Baada ya kulikata, mtu huchomwa sindano za kulizuia, kwa miezi. Wewe ulichomwa?"

Sikukumbuka.

"Kaulize. Kama ulichomwa zote na bado likarudi, mimi sikugusi. Nikikukata, nitakuachia kovu refu kifua kizima. Kama hukuchomwa, tutajaribu."

Wa kuulizwa alikuwa mmoja tu, na tangu ninyoe nywele mama yangu huongea na mimi akiangalia ukuta. Nilimkuta ameinjika chai. Akaniita "mami," kama binti, vile alivyoniita tangu utotoni, nami nikameza hasira, maana nilikuja na shida yangu.

"Mama, ile kliniki ya kovu. Baada ya kunikata, nilichomwa sindano?"

"Walisema turudi," akasema, kana kwamba namuuliza habari za kitambaa cha meza. "Kila mwezi, sijui mpaka lini. Tungerudi kufanya nini? Harusi ilikuwa imeshapita."

Ee Mungu wangu! Hilo ndilo jibu nililokuwa naliomba, na liliniuma kuliko uji. Miaka yote hii nimebeba hili dude kifuani kwa sababu picha zilikuwa zimeshapigwa. Nikampigia daktari palepale, nikamwambia hapakuwa na sindano hata moja. Akasema njoo tupange.

Mama alisikia. Akashika kichwa, akalia kwa sauti, akaniuliza ni nani aliyenipa ruhusa ya kuukata mwili niliopewa na Mungu.

"Na ile ya gauni," nikamuuliza, "nani alikupa?"

Kwa mara ya kwanza akaniangalia usoni. Kisha akainuka akazima jiko, na chai ilikuwa bado haijachemka.