Jumamosi ya Lesieli: Mieleka ya Wiki Nzima, na Kaka Juu ya Ngazi

Saa tatu kamili asubuhi, Jumamosi. Lesieli Fakatava anavua kandambili mlangoni mwa studio, anaingia na rungu lake la kupondea gome kwapani, anakaa mbele ya kipaza sauti. Amejifunga kiekie, mshipi wa heshima wa kusukwa, kiunoni kama mtu anayekwenda kanisani. Fundi mitambo anamnyooshea kidole: tayari.

"Habari za asubuhi, wenye nyumba na wageni wao," anasema. "Wiki hii televisheni imetuletea maonyesho matatu ya mieleka. La Jumanne lilikuwa tamu. La Jumatano, aliyelala hakupoteza kitu. La Alhamisi, subirini. Hilo nitalifikia polepole."

Kisha anagonga ubao ulio mbele yake. Mtu akipigwa ngumi, Lesieli hugonga mara moja. Mtu akianguka chali, mara mbili. Mwamuzi akihesabu, hugonga tatu, na siku mwanamieleka akinyanyua bega kabla ya la tatu, rungu hubaki hewani, na wasikilizaji wa Tongatapu, kisiwa kikuu cha Tonga, hubaki hewani pamoja nalo.

Leo sauti yake ni ileile, lakini mkono uliopo chini ya meza umeikunja sketi ukaikamata. Leo ndiyo Jumamosi itakayoamua kama kipindi hiki ni chake au si chake. Na mwenye kuamua hayupo studio. Yuko kijijini, juu ya ngazi, anapaka rangi ukumbi wa kanisa.

Mtu huyo ni kaka yake, Siosaia.

Lesieli ana miaka hamsini na minane, ni mjane, na kazi yake ya kila siku ni ngatu, nguo ya gome. Yeye na wenzake saba hukaa kwenye banda la kijiji wakiponda gome la mti juu ya magogo mpaka liwe jembamba kama karatasi, kisha huliunganisha na kulichora. Nguo moja kubwa ya harusi huwala miezi. Fedha yake huliwa na ada za wajukuu na michango ya kanisa kabla haijafika jikoni.

"Siyo kazi ya kukutajirisha," anasema. "Ila mikono ikiwa na kazi, mdomo unabaki huru. Na mdomo wangu mimi hauwezi kukaa bure."

Huko bandani ndiko uhakiki wake ulikozaliwa. Baadhi ya wenzake hawana televisheni, na wengine wanazo lakini wajukuu wamezishika. Basi kila Ijumaa Lesieli aliwasimulia wiki nzima: nani kamgeuka nani, nani kapigana kwa moyo, nani kachukua mshahara wa bure. Na mwisho wa kila pambano alitoa alama kwa kipimo cha kazi yao. Nguo kubwa hupimwa kwa vipande. Pambano zuri sana hupata vipande kumi. Pambano baya huitwa gome lililotoboka, na halina alama.

Kuna watu humwambia kwamba mieleka ile imepangwa, mshindi anajulikana kabla ya kengele. Yeye huwatazama kwa huruma.

"Na ngoma ya harusi je, haikupangwa?" huwauliza. "Kila hatua imepangwa! Lakini mwenye miguu mizito utamjua tu. Mimi simhukumu aliyeshinda. Namhukumu aliyecheza."

Meneja wa redio hiyo ndogo ya mjini Nuku'alofa, Penisimani, alikwenda bandani Ijumaa moja kumchukua mama yake aliyekuwa mmoja wa waponda gome. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Mama yake alimaliza kazi, akakunja mkeka, akaenda kukaa garini. Penisimani bado alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Lesieli," alimwambia siku hiyo, "hayo unayoyasema hapa, njoo uyaseme redioni. Nitakulipa pa'anga thelathini kila Jumamosi."

Jumamosi ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ikapita ya kwanza. Ya tatu ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Katika pambano la wiki ile, mwanamieleka mmoja mnene aitwaye Harrigan Fahali alimkamata mwenzake, Dokta Usiku, kwa nyuma, akapitisha mkono katikati ya mapaja, akamwinua. Bukta ya Dokta ikapasuka. Lesieli alisimulia vilevile alivyozoea kusimulia bandani mbele ya wanawake tu: mkono ulipita wapi, bukta ilipasuka kuanzia wapi, na watu wa mstari wa mbele waliona nini. Yeye na fundi mitambo walicheka mpaka machozi.

Nchi haikucheka. Kwenye duka la mikate, wanaume walitoka nje wakiacha mikate yao juu ya kaunta, kwa sababu dada zao walikuwa foleni hiyohiyo. Kwenye kibanda cha samaki, kijana mmoja aliziba masikio akakimbia, samaki wake akabaki kwenye mizani. Kwa Watonga, kaka na dada hawasikii maneno ya namna hiyo wakiwa pamoja. Hata televisheni hawaangalii chumba kimoja.

Na Siosaia? Siosaia alikuwa juu ya ngazi pale ukumbini, na chini yake wanawake wa kanisa walikuwa wakimenya viazi vikuu, redio ikiwa wazi. Sauti ikataja mapaja, na sauti yenyewe ni ya dada yake wa tumbo moja. Alishuka, akaweka brashi kwenye kopo, akaenda shambani. Ukuta ukabaki nusu nyeupe.

Hilo ndilo lililomuumiza Lesieli kuliko simu zote za malalamiko. Maana televisheni anayoangalia ni ya Siosaia. Miaka yote hiyo, kila onyesho linapoanza saa nane mchana, Lesieli huingia sebuleni kwa kaka yake, na kaka hutoka kwa mlango wa nyuma na panga lake. Jioni, Lesieli akisharudi kwake, Siosaia huangalia marudio. Wote wawili wameona kila pambano. Hawajawahi kusemezana neno moja juu yake.

"Kaka yangu ananipa kiti chake mwenyewe," Lesieli anasema. "Halafu mimi namfukuza kwenye ngazi ya kanisa kwa maneno ya ovyo! Nilitamani ardhi inimeze."

Jumatatu Penisimani alimwita ofisini.

"Mama, mimi nakupenda," alimwambia. "Lakini redio wanayoizima wenye maduka siwezi kuiuzia tangazo. Tufanye hivi. Jumamosi ijayo Siosaia akirudi juu ya ngazi, redio ikiwa wazi, na akabaki juu mpaka kipindi kiishe, saa hii ni yako moja kwa moja. Akishuka, naweka kwaya."

"Kwaya ipi?"

"Ya wazee."

"Ee Mungu," Lesieli akasema. "Basi lazima nishinde."

Wiki hiyo banda la gome liligeuka shule. Lesieli alitunga majina mapya ya mieleka kutoka kwenye kazi za nyumbani na shambani, kila jina akalijaribu kwa wenzake. Kumwinua mtu na kumbwaga kukaitwa kung'oa kiazi kikuu. Kumkunja miguu hadi kichwani, kukunja mkeka. Kumkandamiza shingo chini ya kwapa, kubana nazi. Ule mkamato wa Harrigan, uliowatoa watu dukani, ukawa kubeba mzigo wa muhogo.

Hakimu alikuwa Bibi Vaisima, mkubwa kuliko wote bandani, ambaye hakuacha hata kitu kidogo kipite.

"Hilo hapana," Bibi Vaisima alisema, Lesieli alipojaribu jina moja. "Nikilisikia kaka yangu akiwa ndani, natoka dirishani."

"Kaka yako si alifariki mwaka juzi, Bibi?"

"Ndiyo. Na yeye atatoka, kaburini."

Jina hilo likatupwa.

Kufikia Jumatano walikuwa wameshika kila kitu. Halafu ikaja Alhamisi, pambano la ubingwa, Harrigan Fahali na Dokta Usiku tena. Dakika ya kumi na mbili, mbele ya macho ya Lesieli aliyekaa peke yake sebuleni kwa kaka yake, bukta ya Dokta Usiku ikapasuka tena. Na safari hii haikuwa kichekesho cha pembeni. Dokta alipigana mpaka mwisho kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kitambaa, na kwa sababu hiyo akapoteza mkanda.

"Liruke," wenzake walimshauri. "Sema umeme ulikatika."

"Pambano la ubingwa niliruke?" Lesieli aliwajibu. "Hapo mimi nitakuwa mhakiki wa kitu gani? Wa matangazo ya sabuni?"

"Sasa utalisemaje?"

"Sijui."

Alipoingia studio Jumamosi hii, alikuwa bado hajui.

Sasa ni saa tatu na dakika arobaini. Jumanne imekwisha, ikapata vipande sita. Jumatano imeitwa gome lililotoboka, na Lesieli ameomba radhi kwa waliokatiza usingizi wa mchana kwa ajili yake. Kule ukumbini Kulaea, mke wa Siosaia, ameweka simu sikioni. Anamweleza Penisimani kila kinachotokea.

"Bado yuko juu," ananong'ona. "Kung'oa kiazi hakujamshtua. Mzigo wa muhogo, ameacha kupaka kidogo, halafu ameendelea. Wanawake wote wanamwangalia yeye. Hakuna anayemenya."

Studioni, Lesieli amefikia pambano la Alhamisi. Anagonga ngumi za mwanzo. Anamwangusha Harrigan chali, tu-tu. Anamnyanyua Dokta Usiku na kumbeba kama muhogo wa kupeleka sokoni. Rungu liko hewani.

"Hapo, ndugu zangu," Lesieli anasema taratibu, "Dokta Usiku akabaki na mkono mmoja wa kupigania."

Anakisogelea kipaza sauti.

"Mkono wa kushoto ulipata kazi nyingine. Kazi ya dharura. Sitaieleza, kwa kuwa kila mtu aliyelelewa na mama anajua kwamba kuna wakati mkono lazima uache kila kitu ushike kimoja tu. Nami nawaambia, kazi ile ya mkono wa kushoto aliifanya vizuri kuliko kazi yote aliyofanya kwa mkono wa kulia. Hakuiacha hata mara moja! Alibanwa nazi, hakuiacha. Alikunjwa mkeka, hakuiacha. Mtu mwingine angetaka ubingwa. Yeye alichagua kurudi kwao akiwa mtu wa heshima."

Rungu linashuka: tu, tu, tu. Harrigan ni bingwa.

"Pambano hili," anasema Lesieli, "nalipa vipande vinne. Mtu hawezi kushinda kwa mkono mmoja, na Harrigan alipigana kama mtu anayesubiri basi."

Kule ukumbini Kulaea anainua macho. Siosaia amesimama juu ya ngazi, brashi mkononi, rangi ikidondoka kwenye kiatu chake. Anatazama ukuta. Mabega yake yanaanza kutikisika. Kulaea anadhani mumewe anaumwa. Kisha anamsikia: Siosaia anacheka, uso kaulaza ukutani kwenye rangi mbichi.

Hashuki. Anachovya brashi, anajifuta jicho kwa kiwiko, anasema kwa nguvu kwa watu wote wa chini:

"Vinne? Vinne tu? Kulaea! Mpigie wifi yako umwambie vinne ni dhuluma. Mwanamume apigane dakika nane kwa mkono mmoja namna ile, apewe vinne? Saba! Mwambie saba!"

Simu ya Kulaea inaunganishwa moja kwa moja hewani.

"Wifi," anasema, na nyuma yake wanawake wa kanisa wanapiga vigelegele hadi maneno hayasikiki, "wifi, nimetumwa. Mwenye ngazi anasema saba."

Lesieli anaweka rungu chini. Kwa miaka thelathini na zaidi wameangalia mieleka ileile kwa zamu, kwenye kiti kilekile, na hili ni neno la kwanza la kaka yake juu ya mieleka kumfikia.

"Mwambie mwenye ngazi," anajibu, "namheshimu sana. Lakini hajui kuhesabu. Ni vinne."

"Anasema hateremki mpaka iwe saba!"

"Basi akae hukohuko. Ndiko tunakomtaka!"

Penisimani, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa studio, anapiga makofi juu ya kichwa. Duka la mikate linapiga simu: watu wamejaa, hakuna aliyetoka, wengine wanasema sita. Mwenye kibanda cha samaki anapiga, anasema nane. Mwanamke mmoja kutoka kisiwa cha 'Eua anapiga akiwa jikoni na kaka zake wawili wako barazani. Anasema wote watatu wamecheka, kila mmoja kwa upande wake wa ukuta. Kipindi cha saa moja kinakwenda saa moja na nusu, na wazee wa kwaya, waliokuja na vitabu vyao kwa tahadhari, wamekaa sakafuni kwenye varanda ya redio wakibishana kuhusu Harrigan.

Saa hiyo ya Jumamosi sasa ni ya Lesieli. Malipo yamepanda kufikia pa'anga hamsini, na duka la mikate lililokimbiwa na wateja wake ndilo linalodhamini kipindi. Ukumbi wa kanisa umekwisha kupakwa rangi, isipokuwa sehemu moja yenye alama ya shavu, ambayo wanawake wamekataza isiguswe.

Ila Lesieli ana mpango mkubwa zaidi. Amemwomba Penisimani robo saa ya nyongeza kila wiki, iitwe Jibu la Mwenye Ngazi. Siosaia atakaa kwake, Lesieli atakaa studio, na Kulaea atakuwa katikati akibeba maneno. Penisimani amekubali. Siosaia naye amekubali, kupitia kwa mkewe, na tayari ametuma salamu kwamba alama za Jumanne ya wiki hii atazipinga zote.

Lesieli anapokea habari hizo bandani, gome mbele yake, rungu likipanda na kushuka.

"Na aje," anasema. "Miaka yote hii nimemwachia aende shambani akidhani anajua mieleka kuliko mimi. Jumamosi namkunja mkeka, nchi nzima ikisikia. Naye atakaa asikilize mpaka mwisho."