Misiba ya Kerenge

Mama yangu alikuwa hakimu wa nyumbani kwetu, na ushahidi aliupata kwa ulimi. Tulipokuwa watoto Pangani, tukirudi nyumbani jioni huku tukiapa kwamba hatukwenda kuogelea, hakubishana nasi. Alinishika mkono, akaulamba karibu na kiwiko, akatema. "Chumvi. Kalete fimbo."

Alizaliwa Kwashemshi, milimani, na bahari hakuiamini hata siku moja. Samaki alimfunua mashavu mbele ya mchuuzi, akamnusa, akamrudisha. Maharage aliyotumiwa na ndugu zake aliyafungia kwenye debe, akisema hewa ya pwani ina wivu na chakula cha watu. Baba, Mzigua wa Kwamsisi aliyekuwa karani pale mjini, alikuwa akicheka tu. Alipostaafu tukahamia Korogwe, nyumba ya Pangani tukampangisha fundi cherehani. Siku ya kuhama mama hakugeuka nyuma.

Kwa hiyo mwaka jana, baada ya kumzika baba, mama alipoanza kwenda misibani Kerenge, bara upande wa kwao, sikushtuka. Msiba wa kwanza, sawa. Wa pili, pole sana. Baadaye nikaanza kuwaonea huruma watu wa Kerenge, maana walikuwa wanakwisha.

Kisha nikakitazama kikapu. Kwetu anayekwenda msibani hubeba unga, maharage, walau mzigo wa kuni, na hurudi mikono mitupu. Mama aliondoka na kikapu kitupu, akarudi nacho kimejaa na kufunikwa kanga. Nikampigia simu dada yangu, anayeishi Handeni.

"Kaka, mama ana bwana," akasema papo hapo.

"Acha wazimu. Anauza nyumba ya Pangani, ndiyo hela za kujazia kikapu."

"Basi bwana mwenyewe ni dalali."

Nilicheka, lakini nyumba ile ilinikaa moyoni. Mtaa ule ndio pekee unaonijua tangu kabla ya shahada, na hauonyeshi dalili yoyote ya kujali kwamba nilizipata. Ikiuzwa, nitabaki kuheshimiwa kila mahali.

Mama aliporudi safari iliyofuata, nilikuwa nikimngoja sebuleni.

"Shikamoo mama. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa."

"Amefariki nani?"

"Mtu mzima."

"Aliugua nini?"

"Utu uzima."

Nilitamani kumlamba mkono, lakini mhadhiri wa chuo kikuu hafanyi hivyo. Nikafunua kanga. Ndani mlikuwa na nazi na pweza mkavu.

"Mama, siku hizi Kerenge wanavua pweza?"

Akavua viatu taratibu, akaketi. "Arobaini ya baba yako nilikuwa jikoni. Wewe na dada yako mmekaa barazani, mnasema bati za Pangani ziezuliwe. Mniezulie nyumba mkauze bati, na mimi mzima?"

"Mama, tulisema ziezuliwe tuezeke upya! Zimeliwa na kutu."

"Wote husema hivyo."

Kumbe misiba yote ile alikuwa akienda kuilinda nyumba dhidi yangu. Fundi cherehani alishamwondoa kwa upole, kuta alishazipaka chokaa, na bati mpya alishaziezeka kwa hela za mbuzi wake, wale aliotuambia wamekufa kwa ugonjwa. Mwezi unaofuata anahamia huko. Peke yake.

"Lakini bahari huiamini, mama."

"Siiamini. Ila bahari haijasema itaniezulia nyumba."

Nikampigia dada. Akauliza kama nina hakika hakuna bwana. Nilimwambia nyumba haiuzwi, ila mama ndiye anayeondoka.

Siku ya kuhama nilimpeleka mwenyewe. Niliingiza kitanda, nikafunga chandarua, nikazunguka vyumbani nikisifia chokaa. Wakati wa kuaga nikamwomba ufunguo wa akiba, asije akaugua na mlango umefungwa. Funguo zote mbili akazifunga kwenye pindo la kanga, akakaza fundo kwa meno.

"Ukija bisha hodi," akasema. "Nikiwepo nitafungua."