Siku Kariakoo Ilipoishinda Same kwa Joto

Februari 1976 nilipima joto kali kuliko yote yaliyowahi kuandikwa Dar es Salaam.

Liko kitabuni mpaka leo, na jina langu pembeni.

Joto lenyewe halikuwapo.

Usicheke kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Naitwa Uwesu, mtoto wa Ilala, wazee wangu watu wa Lindi. Shule niliishia darasa la saba, lakini ushairi nilijifundisha mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole, mpaka gazeti likaanza kunichapa. Nilijiona. Sifichi.

Kazi yangu ilikuwa kusoma vipimajoto. Ofisi siitaji. Ilikuwa na ua wake Mchafukoge, ukingoni mwa Kariakoo, na katikati ya ua kulikuwa na kisanduku cheupe cha mbao, kimesimama kwa miguu minne, kuta zake zina mianya ya kupitisha hewa. Ndani mna kipimajoto kinachoshika joto la juu la siku. Zebaki ikishapanda haishuki mpaka uikung'ute.

Saa tisa alasiri nafungua, nasoma, naandika, nakung'uta, nafunga kufuli. Basi.

Mwaka ule mkuu wetu wa kazi, Ndugu Gaudens, alipewa kazi ya kutengeneza jedwali la nchi nzima, litolewe kitabu. Kila mkoa, joto lake la juu tangu enzi za Mjerumani, tarehe, na jina la mpimaji.

Jina la mpimaji. Roho yangu ikanasa hapo. Nilitaka neno langu liwekwe kitabuni, liaminiwe na watu nisiowajua.

Sasa fikiria aliyekuwa anaongoza kwa joto. Mkoa wa Kilimanjaro. Mkoa wenye theluji. Eti kwa sababu Same, ile nyika ya jua kali, iko huko.

Na Ndugu Gaudens ni Mchaga wa Marangu. Kila akipita mezani kwangu anauliza kama Dar tumeshaanza kusikia jua, au bado tunaota upepo wa bahari. Nilikuwa namjibu kwa adabu. Moyoni namtungia beti.

Ikafika siku yenyewe. Mchana niliponyoka kupeleka shairi gazetini, nikakaa huko kubishana na mhariri juu ya vina vyangu. Nikarudi mbio, saa tisa inagonga.

Nikafungua kisanduku.

Digrii thelathini na tisa na nukta mbili.

Nikafuta jasho machoni, nikasoma tena. Nikainama, nikasoma jicho likiwa sawasawa na zebaki, kama tulivyofundishwa. Thelathini na tisa na nukta mbili. Siku za kawaida tulikuwa tunacheza kwenye thelathini na mbili, tatu.

Dar ilikuwa imeipita Same. Na aliyeona ni mimi.

Nikapeleka daftari ofisini. Ndugu Gaudens akasoma, akavua miwani.

"Ndugu Uwesu, hii umeisoma au umeitunga?"

Nikamwambia nimeisoma.

Akaniambia uwanja wa ndege siku hiyo hiyo wamepata thelathini na tatu. Nikamwambia uwanja wa ndege kuna majani na upepo, Kariakoo kuna mabati, lami na watu. Akasema hata hivyo, digrii sita haziwezi kupotea njiani. Akachukua penseli, akakata namba yangu, akaandika 33.2 kwa mkono wake.

Kwa mkono wake. Bila kwenda kwenye kisanduku.

Niliumia, nakwambia. Angesema nimekosea ningebisha. Lakini yeye alinikata kwa sababu ni mshairi, na mshairi kwake ni mtu wa kuongeza chumvi. Nikaona pia anailinda Kilimanjaro yake.

Nikaandika barua makao makuu. Kurasa nne. Nikaeleza tangu kuinama mpaka penseli. Wakubwa wa huko, wengi watoto wa Dar, wa Gerezani na Ilala, nadhani nao walikuwa wamechoka kupigwa na Same. Baada ya wiki mbili jibu likaja: namba ya mpimaji irudishwe kama ilivyosomwa, na Ndugu Gaudens aonywe kwa kugusa daftari.

Akaonywa kweli. Alisaini onyo lake mbele yangu, akalitia drooni.

Mimi nikaenda kuusherehekea ushindi gazetini:

*Same mkae pembeni, Kariakoo twatamba,*
*Jua letu la sokoni, lachemsha hata mwamba,*
*Theluji i mlimani, nanyi joto mwajigamba,*
*Nambari i kitabuni, Uwesu ndiye shahidi.*

Mtaa ukawaka. Nikipita sokoni wenye vibanda wananiita Bwana Joto. Watu walikata ubeti ule gazetini wakaubandika ukutani kwa ugali.

Mwezi wa nne kitabu kikatoka. Mkoa wa Dar es Salaam, 39.2, jina langu. Nikakipeleka kwa Bi Zamzam, mama aliyekuwa anapikia wafanyakazi chakula kwenye banda nyuma ya ua wetu. Kwake nilikuwa kama mwana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Nikamsomea mstari wangu. Akafurahi, akaniwekea wali. Halafu, anapepea mkaa, akanilaumu kwamba siku hizi nimekuwa mgumu, kile kikabati changu nakifunga kufuli.

Kikabati gani, nikamuuliza.

"Si kile cheupe. Kile cha kuwekea chakula."

Nikamwomba anieleze.

Akanieleza taratibu, kwa upendo, kama mtu anayekumbusha wema. Siku moja mchana wa jua kali aliniletea chakula hakunikuta. Ua ule ulikuwa na paka watatu wezi. Akaona kabati limewekwa juu kwa miguu minne, lina mianya ya hewa, mlango wazi. Kabati la chakula kama la kwao Mtwara. Akaweka sufuria ya wali na mchuzi, imetoka jikoni sasa hivi. Baadaye akaona nachelewa, akairudisha jikoni isije ikapoa.

"Siku ile umerudi unahema, unasema umekwenda gazetini. Ukala mpaka ukoko."

Nilikuwa nimeila ile rekodi.

Na kufuli ni mimi niliyeacha kulifunga tangu jana yake, kwa haraka ya shairi, na niliporudi mbio wala sikuona kwamba liko wazi.

Sikumaliza wali. Nilirudi ofisini moja kwa moja, nikasimama mbele ya Ndugu Gaudens, nikamwambia yote. Sufuria, paka, mlango. Nikamwomba tuifute namba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafungua droo, akatoa onyo lake, akaliweka juu ya meza.

"Mimi nimekatazwa kugusa daftari," akasema. "Uliipigania iingie. Kaipiganie itoke."

Nikaipigania. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili wakajibu kwamba suala lilishaamuliwa. Ya tatu wakaniuliza ninayo hati gani ya kuthibitisha hiyo sufuria. Nikatuma shairi gazetini kujikana mwenyewe. Mhariri akalirudisha, akasema wasomaji hawatapenda.

Mpaka nikaacha kazi ile, namba ilikuwa palepale.

Lakini kilichonimaliza si wakubwa. Ni siku moja, miaka imepita, nakunywa kahawa Mtaa wa Swahili. Joto limekaza, watu wanalalamika. Mzee mmoja aitwaye Nassibu, fundi viatu, akasema hili si joto, joto lilikuwa la mwaka sabini na sita.

Nikamwambia ile namba ilikuwa ya uongo. Mimi ndiye niliyeipima.

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Kijana, usitudanganye. Siku ile mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa. Soli za viatu ziliyeyuka kwenye lami. Nimeziona kwa macho yangu."

Wenzake wakaitikia. Mmoja akakumbuka mtu aliyezimia Msimbazi. Mwingine akakumbuka kuku.

Nikalipa kahawa yangu nikaondoka, nyuma wananizomea mwongo.

Nilipokosea niliaminiwa na nchi nzima. Niliposema kweli, sikupata hata benchi moja la kahawa.

Ndugu yangu, ukiona kitu kinachokupa sifa, kifungue kwanza ukikague mpaka chini, kabla hujakitangaza. Watu wakishakipenda, kitakuwa chao, na wewe mwenyewe hutaruhusiwa kukigusa.