Kitana cha Fundi wa Nachingwea

Kwa siku tatu swali moja lilininyima usingizi: mtu aliyenyamaza wakati mwenzake yu hai, ana haki gani ya kupaza sauti baada ya mwenzake kuzikwa? Nililigeuza kila upande. Nikiandika, watasema najiosha kwa msiba wa watu. Nisipoandika, nitakuwa nimenyamaza mara ya pili, na safari hii hata yeye hayupo wa kunisamehe. Wasomaji wangu mnanijua. Mimi ni mtu wa kuandika ujumbe wa pole, kuufuta, kuuandika tena, kisha kuutuma ukiwa umeshachelewa. Safu hii nimeianza mara nane. Leo imekamilika kwa sababu ya hasira, na hasira hiyo sitaificha.

Habari yenyewe ni hii. Fundi seremala mmoja wa Nachingwea, mzee aliyekuwa na karakana ndogo karibu na soko, amefariki dunia baada ya homa ya siku chache. Nilizipata habari hizo kwenye kundi la simu la kampuni ya usanifu ya Dar es Salaam iliyonipa mkataba nilipotoka chuoni. Ujumbe ulikuwa wa mstari mmoja: tunasikitika kuwajulisha kwamba mmoja wa vibarua waliotusaidia kupakua mbao kule Ruangwa ametutoka. Chini yake wakafuatana wenzangu, kila mmoja na picha yake ya viganja vilivyounganishwa, kama watu wanaogonga muhuri. Kupakua mbao. Nilisoma maneno hayo nikiwa nimesimama, nikakaa, nikayasoma tena. Fundi yule hakupakua hata ubao mmoja. Alipofika, mbao zilikuwa zimekwisha kupakuliwa na kuharibika, na aliyeziharibu nilikuwa mimi.

Sitadai leo kwamba wazo la kampuni lilikuwa baya kwa sababu tu nimekasirika. Lilikuwa zuri. Kulikuwa na darasa kuukuu katika shule moja ya kata ya Nandagala, wilayani Ruangwa, nasi tulitaka kuligeuza chumba cha kusomea. Kuta na bati vingebaki vilevile, ila ndani tungejenga mbavu za plaiwudi zinazoanzia sakafuni, zinazojikunja zikawa benchi, zinazopanda zikawa rafu za vitabu, kisha zinakutana juu kama mbavu za samaki. Msumari hata mmoja usingetumika. Kila kipande kingekuwa na ulimi wa kuingia kwenye tundu la mwenzake, vyote vikichorwa kwenye kompyuta na kukatwa na mashine inayofuata mchoro bila kuguswa na mtu. Ndimi na matundu niliyachora mimi, katika ofisi yenye kiyoyozi, nikitumia unene ulioandikwa kwenye lebo ya mbao: milimita kumi na nane. Nilikuwa nimehitimu vizuri. Niliiamini karatasi.

Mbao zilikuja kwa lori mwezi wa Januari, chini ya turubai lililochanika, zikahifadhiwa kwenye ghala ambalo korosho zilikuwa zimetoka. Tulipokata vipande vya kwanza kwa mashine tuliyoileta palepale, havikuingiliana. Tukagonga kwa nyundo, ndimi zikapasuka. Tukagonga polepole, zikapasuka polepole. Mwalimu mmoja, kwa kutuonea huruma, akatuambia yuko fundi Nachingwea mwenye jiliwa kubwa la kubania mbao, pengine angetusaidia. Fundi alikuja siku ya pili kwa bodaboda, amelifunga jiliwa kwenye gunia. Hakuuliza habari za mashine. Alizifuata mbao, akainama, akagonga mmoja kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio, kama wafanyavyo wakulima wetu wakitikisa konzi ya korosho karibu na sikio kabla ya kuzipeleka ghalani. Huku hakuna asiyejua kipimo hicho: korosho iliyoanikwa vizuri inacheza ndani ya ganda, mbichi inanyamaza.

"Hizi bado mbichi," akasema. "Ungezipeleka mnadani, zingerudishwa nyumbani zikaanikwe."

Nikamweleza, kwa upole wa mtu anayejiona amesoma, kwamba unene wake umeandikwa kwenye lebo. Akaniuliza lebo iliandikwa lini. Sikujua.

"Basi mwanangu, iliandikwa kabla ya mvua."

Akaketi juu ya tofali, akaokota kipande cha mninga kilichokuwa kikitumika kukazia mlango, akakikata kwa msumeno mianya saba, kila mwanya ukiuzidi mwenzake kwa upana wa unywele. Akakiita kitana. Alikitembeza kitana kwenye ukingo wa kila ubao. Mwanya ulioingia bila kulazimishwa na bila kucheza, ndio uliokuwa unene wa kweli wa ubao ule, naye akaandika namba yake ubavuni kwa penseli. Kazi yangu ikawa kusoma namba ya penseli na kurekebisha mchoro kabla mashine haijakata. Ubao kwa ubao, kwa wiki tatu. Wataalamu wa nchi za mbali wana vifaa vya kufanya jambo hilo, na vina majina marefu. Yeye alikuwa na kipande cha mninga mfukoni mwa shati.

Halafu likaja kosa langu la pili. Kisu cha mashine ile ni cha duara, kwa hiyo kila kona ya ndani ya tundu hubaki na mviringo, na ulimi wenye kona kali hauwezi kukaa. Tulifundishwa chuoni namna ya kulikwepa hilo katika mchoro. Nilisahau. Fundi hakunicheka. Alitoa patasi, akazinyoosha kona zile kwa mkono, moja baada ya nyingine, mpaka siku moja patasi ikateleza ikampasua kidole gumba. Alikifunga kitambaa akaendelea. Wala msidhani aliichukia mashine. Alikuwa akisimama mbele yake, mikono mgongoni, anatabasamu kama mtu anayemtazama mjukuu akikimbia. Aliniambia kwamba haichoki wala haiombi chai, tatizo lake ni moja, mvua haiijui.

Siku ya uzinduzi walikuja wageni. Mkurugenzi wetu alishika kipaza sauti akasema, nami namnukuu kwa sababu maneno hayo hayajaniacha, "Ndugu wageni, hakuna mkono wa seremala uliogusa kazi hii." Watu wakapiga makofi. Mzee alikuwa safu ya tatu, amevaa kanzu, kidole gumba kikiwa bado na kitambaa. Nikaitwa mimi, mtoto wa nyumbani, nitoe neno. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi na mzee mbele ya macho yangu. Nikaanza kuwaza: nikimsahihisha mkurugenzi, mkataba wangu utakuwaje, labda nisubiri faragha, labda mzee mwenyewe hataki kutajwa, labda ni utovu wa adabu. Nikawashukuru wadau wote. Neno wadau ni zuri sana kwa mwoga. Linawameza watu wote na halimtaji hata mmoja.

Baadaye nilimkuta mzee mbele ya kibao cha ukumbusho, anasoma taratibu mpaka mwisho. Kilikuwa na jina la kampuni, jina la mkurugenzi, jina langu, na jina la mashine pamoja na nchi ilikotengenezwa.

"Mashine wameiandika mpaka kwao," akasema. "Vizuri. Ikipotea itarudishwa."

Akatoa kitana mfukoni akanikabidhi, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba chumba kama kile kitajengwa pia Mbekenyera. Alisema mbao za huko nazo zitanyeshewa. Akaagana nami akaondoka. Tangu siku hiyo nilipita Nachingwea mara nyingi, na kila mara nilipata sababu ya kutopita kwenye karakana yake.

Kwa hiyo nilipokwenda mazikoni nilijua nastahili nini, na nilikipata. Tuliporudi kutoka makaburini, watani wake walikuwa wamekwisha kuanza kazi yao. Bibi mmoja alikuwa amevaa koti kuukuu la marehemu, ameweka penseli sikioni na kushika kuni iliyochanwa mianya kama kitana, akiwapima waombolezaji unyayo kwa unyayo. Alipiga kelele kwamba watu wasogee apime, wasije wakavimba kabla ya kupakuliwa ubwabwa. Watu wakacheka, na mjane naye akacheka akijifuta macho kwa ncha ya khanga. Bibi akafika kwangu. Akanitazama kuanzia viatu.

"Na huyu injinia? Huyu haingii kwenye kitana."

Wakacheka tena. Kisha akashusha ile kuni, sauti ikawa ya kawaida kabisa. "Mjukuu wangu, ile siku ya kibao, huyu mlimwandika wapi?"

Hapo hakuna aliyecheka. Kila mtu aliyekuwa uani alinigeukia.

Nimekasirika, na hasira yangu ya kwanza inanihusu mwenyewe. Lakini haiishii kwangu. Nimekasirishwa na nchi inayoona aibu kusema kwamba kitu kizuri kimetengenezwa na mtu wake, inayodhani kazi inapanda hadhi ikiuficha mkono ulioifanya. Tunapeleka picha za mbavu zile kwenye mashindano na kuandika kwamba kompyuta ilifikiri na mashine ikatenda. Uongo. Kompyuta ilifikiri kwamba Januari ya Ruangwa ni kavu. Mashine ilitenda kama ilivyoambiwa, ikaharibu mbao nzuri. Aliyefikiri ni mzee aliyesikiliza ubao kama korosho. Tunakwenda vyuoni miaka mitano kujifunza kuchora maungio, kisha tunarudi nyumbani tukiwa hatumjui mtu hata mmoja anayeunga. Na anapotuokoa, tunamwita kibarua. Anapokufa, tunamwita mpakuaji. Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga. Huyu alichumia juani, na kivulini tukakaa sisi na kupigiwa makofi.

Basi nikaamua, na mara hii sikujipa muda wa kuwaza. Niliiandikia kampuni barua fupi: katika kazi ya Mbekenyera, ama fundi huyu aandikwe kwa jina na kwa kazi aliyoifanya, na kipimo cha kitana kiingizwe kwenye michoro kama hatua ya kwanza, ama jina langu liondolewe kila mahali. Niliituma kabla sijaifuta. Jibu halijaja, ila kwenye kundi la simu wameniondoa. Kisha nikaenda Nandagala. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa ya kuchonga bila maneno mengi, akauliza tu mbona nimechelewa. Binti wa marehemu, ambaye sasa ndiye mwenye karakana, alikuja na patasi ya baba yake. Nilitaka kwanza kuzichora herufi kwenye kompyuta zinyooke. Akanipa penseli.

Ilinichukua tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nilikuwa sijawahi kushika patasi kwa kazi ya kweli, na herufi mbili zimepinda, zinaonekana hata kwa mbali. Binti alizitazama, akasema baba yake angenirudisha nyumbani nikaanikwe. Kibao cha zamani tumekiacha palepale, watu walinganishe wenyewe.

Desturi ya safu hii ni kutotaja majina, na leo pia sitaivunja. Jina lake liko kwenye ubavu wa kwanza upande wa kushoto ukiingia mlangoni, na chini yake nimechonga neno moja, fundi. Mwenye kupita Ruangwa aingie akalisome.