Makala Tisa Ambazo Fundi Hakuzisikia

Alhamisi, mwezi wa sita. Upepo wa kusi umevuma toka alfajiri, manyunyu yanakuja na kuondoka, bati la duka linagonga. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu asubuhi ile, kabla sijajua siku itaishaje. Nayanakili kama yalivyo, maana nikitegemea kumbukumbu peke yake naogopa nitajipendelea.

Nauza kwenye duka la vifaa vya boti, Kilwa Masoko. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo hata hili sina hakika kama naliandika sawasawa. Kazi yangu ni kuuza plagi, oili na kamba, na miaka hii ya karibuni, kuandika. Tajiri wangu alifungua ukurasa wa duka mtandaoni, akataka kila wiki uwe na makala ya kuwasaidia wenye mashine za boti. Mwanzo niliandika kwa jina la duka, na hakuna aliyesoma. Kijana wa Dar anayetutunzia ukurasa akampigia tajiri. "Mzee, ukurasa wenu hauna mtu. Anayeandika ni nani? Kazi hiyo ameifanya miaka mingapi? Weka sura, weka jina, weka historia yake. Watu wakitafuta kwenye simu utaona mnavyotokea juu."

Mtu wa kuweka tulikuwa naye. Fundi wa mashine alikuwa akikaa kwenye benchi ndani ya duka letu, mtu wa umri wa baba yangu, anatengeneza mashine za watu tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa na jambo lake. Mtu akimpigia kutoka kisiwani na kuanza maelezo marefu, alimkata: "Iwashe, halafu iweke simu karibu." Anafumba macho, anaisikiliza mashine kwenye simu, kisha anataja ugonjwa. Mara chache sana alikosea. Sisemi hakukosea kabisa.

Alikubali sura yake iwekwe, kwa sharti moja. "Jina langu likikaa pale, kila neno unisomee kwanza." Basi nilimsomea. Nikipotoka alipiga benchi kwa kiganja: "Sikusema hivyo mimi." Nikiwa sawa alinyamaza, akaendelea na spana zake. Kunyamaza kwake ndiko kulikuwa ruhusa.

Na kweli ukurasa ulipanda. Simu zikaja kutoka Mafia, kutoka Mchinga, hata Tanga, watu wasiotujua kabisa, wanamuulizia yule mzee wa kwenye picha.

Fundi alifariki mwezi wa tatu, kwa homa ya siku chache. Tajiri alibeba gharama nyingi za msiba ule, na nalisema hilo ili msomaji asimwone mtu mbaya. Baada ya siku kumi akaniita. "Dada, ukurasa usife. Andika kama kawaida, jina libaki kwanza. Tutalitoa polepole." Sikukataa. Nilikuwa na jumbe za sauti za Fundi kwenye simu yangu, anaeleza hili na lile huku akikohoa, nikaziandika zote. Zilipoisha nikaanza kuandika ninavyodhani angesema.

Hapa ndipo panaponisumbua mpaka leo. Niliendelea kusoma kwa sauti. Asubuhi kabla ya wateja nilikaa kuelekea benchi, nikasoma mstari kwa mstari, nikingoja kiganja. Benchi halikupigwa. Basi nikabonyeza, makala ikaenda. Tisa zilikwenda hivyo. Sijui nilikuwa naamini nini. Nilijua amekufa, matangani nilikaa siku tatu na kupakua wali kwa mikono yangu. Lakini ukimya ule niliuzoea kuwa ndiyo, na sikutaka kuuliza sasa ni ukimya wa nani.

Simu nazo hazikukoma. Siku nyingine nikipokea sisikii salamu, nasikia mashine. Inanguruma, inakohoa, inanguruma tena, na mwenye simu kimya, ameiweka karibu, anamngoja Fundi asikilize. Mimi nimeibana sikioni, sipati kitu ila kelele. "Fundi hayupo," nilikuwa nasema. Halikuwa neno la uongo, na halikuwa la kweli.

Mmoja wao alikuwa nahodha wa Songo Mnara, anayevusha abiria. Mashine yake iliwaka vizuri, ikienda kidogo inalegea, kisha inazima. Nilimwambia nitamuuliza Fundi. Wiki hiyohiyo nikaandika makala ya mashine inayozima safarini: badilisha plagi, tazama mpira wa mafuta. Nikalisomea benchi. Ikaenda, na sura ya Fundi juu yake.

Alhamisi ile yule nahodha aliingia dukani amelowa, ameshika pweza wakavu watatu wamefungwa kwa kamba.

"Mzee wangu yupo?"

"Unamtaka kwa lipi?"

"Nina ugomvi naye." Akacheka. "Ndiyo maana nimetanguliza pweza, asije akanipiga spana."

Nikamkaribisha akae. Hakukaa kwenye benchi, alibaki amesimama akieleza. "Plagi nimebadilisha zote kama alivyoandika. Jumamosi nikapakia kina mama wanne, mmoja mjamzito, tunakuja huku. Katikati ya maji mashine ikanuka moto, ikakaza, haivutiki. Mkondo ukatuchukua toka saa tatu mpaka adhuhuri, ndipo tukavutwa na wavuvi. Yule mjamzito alisoma dua mpaka sauti ikamkauka. Mimi simlaumu mzee, kuanguka ni kwa kila mtu. Ila nikaona nije nimwambie kwa mdomo, asije akawaponza wengine. Maana kule kisiwani wameshaanza, wanasema Fundi amezeeka, siku hizi anabahatisha."

Manyunyu yakapita juu ya bati. Nilingoja yaishe, kana kwamba yangenisaidia.

"Fundi amefariki," nikasema.

"Inna lillahi. Lini?"

"Mwezi wa tatu."

Akainama, midomo inatembea. Kisha akatoa simu mfukoni, akaitazama. "Mbona mwezi huu huu ameniandikia?"

"Niliandika mimi."

"Kumbe na wewe ni fundi?"

"Hapana. Nauza duka."

Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Alisema, "Maji ya mashine mimi mwenyewe sikuyatazama. Nilijua yanatakiwa kutazamwa. Niliacha kwa kuwa yeye hakuyataja." Akaweka pweza juu ya kaunta. "Hawa walikuwa wake. Mpelekee mjane. Hayo ya kisiwani usimwambie."

Lakini nilimwambia. Sina hakika kama nilifanya vizuri kuvunja neno la yule nahodha. Niliona jina linalochafuka ni la nyumba ile, na mwenye nyumba ndiye wa mwisho kujua. Mjane alikuwa bado kwenye eda, hatoki, na mke wa mwanawe ndiye aliyenifungulia. Nilikaa mkekani, nikaweka wale pweza, nikaeleza yote, mpaka lile la kulisomea benchi.

Alinyamaza. Nikajikuta natazama kiganja chake. Safari hii sikuuchukua ukimya kuwa jibu. Nikauliza, "Mama, unaniambiaje?"

"Zote nimesomewa," akasema. "Huyu mkwe ananisomea kila wiki. Zile za mwanzo zilikuwa zake. Mpaka kikohozi nilikisikia humo. Hizi za karibuni si zake."

"Ulijuaje?"

"Miaka yote niliyokaa naye, tuko kwenye chakula, simu ikilia, neno lake la kwanza nini? 'Inakojoa maji?' Wakwe wamekaa, shehe amekaa, yeye anauliza mkojo. Nimeona haya mimi na mkojo huo." Mke wa mwanawe akageuka ukutani, mabega yanacheka. "Sasa wewe umeandika mashine inazima, na hukuuliza inakojoa. Nikajua huyu si mume wangu."

Mashine iliyo nzima hutoa uzi wa maji pembeni ikiwa inafanya kazi. Maji hayo ndiyo yanayoipoza, yakikatika inaungua. Kila mwenye boti anajua. Mimi pia nilijua, nimelisikia kwenye benchi lile mara zisizo na idadi. Nililisikia sana mpaka sikuliona kuwa ni ufundi. Nilidhani ni utani wake.

"Mbona hukunipigia, mama?"

"Nilitaka pawepo na mtu anayemwita bado." Kisha akawasogeza wale pweza kwangu, akatenga mmoja. "Ila wakisema amekosea, hapana. Mtoe humo. Na huyu mmoja chukua, mle na mama yako."

Nilirudi dukani nikamwambia tajiri. Alivua miwani.

"Ukurasa utashuka."

"Unaweza ukashuka."

"Na watakuuliza wewe nani wa kuwaambia mambo ya mashine."

"Nitawaambia mimi nani."

Akasema, "Zake lakini uziache," na hapo tulikubaliana bila shida. Yeye mwenyewe alishika simu akimwelekeza kijana wa Dar. Zile tisa tukazitoa. Chini ya picha nikaandika kwamba Fundi amefariki mwezi wa tatu. Kwamba zilizobaki ni maneno yake mwenyewe. Kwamba nyingine tisa ziliandikwa na muuza duka ambaye si fundi, kwa jina la Fundi, na aliyezifuata atazame maji kabla ya kitu kingine chochote. Nikaweka jina langu. Ukurasa baadaye ulishuka kweli, ingawa siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu hiyo.

Kabla sijafunga duka simu ililia. Hapakuwa na salamu, ni mashine tu, inanguruma na kukohoa. Benchi lilikuwa mbele yangu, na pale alipokuwa akikaa Fundi mbao zimelainika zinang'aa. Nikasema kwa sauti, ili nisikike juu ya mngurumo, "Fundi amefariki. Zima, usije ukaiunguza." Mashine iliendelea kidogo, kisha ikazimwa. Upande wa pili nikasikia maji yanagonga ubao wa boti, na mtu anapumua. Alisema ahsante, akakata.

Mama yangu alimloweka yule pweza, akamchemsha mpaka akalainika, akamtia tui zito na bilinganya. Aliniuliza ametoka wapi nikamwambia ni wa Fundi. Hakuuliza tena. Tulimla kwa ugali wa muhogo, na chumvi ilikuwa imezidi kidogo.